L ya Kulia

Mabanga, Bungoma
Alhamisi, 14 Novemba 2024

Kwako Mama Kipyegon, mwenzangu wa meza moja,

Mulembe. Na chamge pia, ile salamu ya kwenu uliyonifundisha mwenyewe halafu ukanicheka ati naitamka kama mtu aliye na kiazi moto mdomoni. Naomba barua hii ikukute mzima, magoti yako yakikubali kupanda ule mlima wenu, na vitunguu visiwe vimeoza shambani kwa mvua hii isiyojua kuaga. Nami huku niko, kwa neema ya Mungu, ila presha hupanda na kushuka itakavyo, na macho yangu sasa yamevishwa miwani. Kuku wanataga. Mahindi nimevuna vizuri sana. Mstari wetu wote huu wa mashamba hakuna aliyenifikia, hata wale waliosomea kilimo walikuja kuniuliza ni mbegu gani nilipanda.

Samahani. Nimeanza kujisifu hata salamu hazijaisha. Unanijua.

Nimekupigia simu tangu Juni. Inaita, inaita, inanyamaza. Sikulaumu. Ningekuwa wewe nisingeshika pia. Ndiyo maana nimechukua kalamu, na barua nimempa Kipngetich wa lori la vitunguu, maana nimeambiwa kila Ijumaa hupita kwenu Suam. Nimemwonya asimpe mtu mwingine ila wewe. Ndani yake kuna jambo juu ya Kipyegon na lile jina baya alilobandikwa kule Kitale. Nitalifikia. Naomba usiichane kabla hujafika hapo. Ukishafika, uichane ukitaka.

Unaikumbuka meza yetu soko la Kitale? Viazi vyako upande huu, ndizi zangu upande ule, na chini ya meza vijana wetu wamelala juu ya gunia moja, miguu ya mmoja kichwani pa mwenzake. Watu wakiuliza kama ni mapacha, ulikuwa unawajibu ndiyo, ila mmoja alikawia njiani. Walipokua wakafungua gereji yao ya bodi za magari pale kwa mafundi wa jua kali, mimi ndiye niliyewaandikia jina kwenye karatasi, mchoraji akaliiga mlangoni kwa rangi nyekundu: WANYONYI NA KIPYEGON. Wewe ulisema kwa utani mbona Wanyonyi wangu ametangulia. Nikakwambia ni kwa sababu mwenye kalamu ndiye huamua.

Mwandiko wangu unaujua. Nilimaliza darasa la saba tu, lakini mwalimu alikuwa akiwapitishia wengine daftari langu waone jinsi herufi zinavyosimama. Kikundi cha akina mama, mwandishi ni mimi. Kanisani, mwandishi ni mimi. Ulimi wangu ndio huniponza, huu ulimi wetu wa Bungoma usiojua L iishie wapi R ianzie wapi. Hujasahau ile siku ya kuchagua viongozi wa kikundi, niliposimama nikatangaza ati sasa ni wakati wa kula, na akina mama wote wakainuka kwenda kunawa mikono. Nilikuwa namaanisha kura. Ulicheka mpaka kitambaa kikakudondoka kichwani. Na mimi nilicheka. Lakini nikwambie leo, lile jambo lilinikaa moyoni. Nilijiambia ulimi na uteleze utakavyo, mkono wangu hautakosea kamwe.

Shika hilo, maana nitalirudia.

Sasa kuhusu gari. Wewe hukuliona, basi nikueleze. Mwezi wa Januari Mzee Nehemiah, yule afisa wa kilimo mstaafu, alileta gari lake gereji likiwa limebebwa juu ya trela. Ni gari dogo la spoti la viti viwili, la tangu siku zile wazungu wakiuza mashamba ya Trans-Nzoia na kurudi kwao. Taa zake za mbele ni mbili za mviringo, zimetoka nje kama macho, na lilikuwa la kijani, kwa hiyo tangu zamani watu waliliita Chura. Lilikuwa limelala ghalani miaka kumi na tisa. Kuku walikuwa wakitagia kwenye kiti cha dereva.

Ndani ya Chura huyo ndimo alimombeba bibi arusi wake, Sellah, msichana wa huku kwetu Bungoma, Jumamosi tarehe ishirini na nne Agosti, mwaka wa sabini na nne. Na tangu siku hiyo Sellah hakuwahi kujifungulia mlango. Mlango wake ni wa kushoto. Mzee akisimamisha gari hushuka, huzunguka mbele, humfungulia. Iwe matope, iwe mvua. Sellah aliniambia siku moja waligombana tangu Kiminini mpaka Kitale, hakuna aliyemsemesha mwenzake, lakini walipofika mzee alizunguka akafungua vile vile, amenuna, uso umegeukia barabarani.

Agosti hii wangetimiza miaka hamsini. Figo za mzee zilikuwa zimechoka, na daktari alikuwa ameanza kuzungumza na watoto wake pembeni. Alitaka kitu kimoja tu. Ampeleke Sellah kanisa lile lile, kwa gari lile lile, amfungulie mlango ule ule. Magereji makubwa yalimwambia gari limekufa. Wanyonyi na Kipyegon walilizunguka mara mbili wakamwambia mzee, tuachie.

Nilikwenda kukaa nao kuwapikia, na hapo ndipo nilipoona kazi. Mimi nilidhani kutengeneza bodi ni kugonga. Kumbe kwanza ni kuvua. Gari linavuliwa kama unavyomvua mgonjwa nguo, polepole, usimguse palipo na kidonda. Bolti zilikuwa zimeshikana na kutu, na fundi mwingine angezikata. Kipyegon hakukata hata moja. Alizipaka mafuta akaziacha siku tatu, akazipaka tena. Alisema ati bolti ya zamani ni kama mzee wa boma, huianzi na shida zako, unaisalimu kwanza. Wakatoa bampa, wakatoa boneti, mmoja huku mmoja kule, wakitembea kwa hatua moja. Wakatoa madigadi yanayofunika magurudumu, mfuniko wa buti, kisha milango. Kila kipande kikalazwa juu ya matairi makuukuu kisiguse sakafu.

Halafu wakapaka dawa ya kubambua rangi, wakafunika kwa nailoni isikauke, na baada ya muda rangi ikajiinua yenyewe kama utando wa maziwa. Chini ya kijani kulikuwa na buluu, chini ya buluu rangi ya krimu, chini ya krimu kijani tena, kile cha kwanza. Mzee Nehemiah alikuwa ameketi hapo kwenye stuli, na kila rangi alikuwa na mwaka wake. Hii ni mwaka aliozaliwa kifungua mimba. Hii ni nilipopandishwa cheo, nikajiona mtu. Hii ni mwaka wa arusi. Wanyonyi aliposikia hivyo alikata kijipande cha ile rangi ya mwisho akampa, na mzee akakitia ndani ya Biblia yake.

Grainda, ile mashine ya kusaga chuma, ilipigwa marufuku. Wanyonyi mwenyewe aliifungia kwenye sanduku, akasema bati la zamani likipata moto huvimba kama chapati na halilali tena. Ni msasa, maji na mkono. Na mkono wa Wanyonyi wangu, Mama Kipyegon! Hufumba macho, hupitisha kiganja juu ya bati, na kukwambia hapa palibonyea, hapa mtu alijaza fila ya kuzibia mabonyeo akafikiri hatajulikana. Nilikuwa nakitazama hicho kiganja nikisema, hiki nilikizaa mimi. Lakini sitamnyima mwanao haki yake. Wa kwangu alijua kulainisha, wa kwako alijua kufungua. Mmoja bila mwenzake hawakuwa fundi mzima.

Sasa sikiliza vizuri hapa. Nyuma ya bawaba za milango kulikuwa na vibati vyembamba kama kucha, viwili mahali, vitatu mahali, vilivyowekwa tangu kiwandani ili mlango ukae sawa. Vya upande mmoja si sawa na vya upande wa pili. Mzee aliwaambia wasivichanganye hata kimoja, kwa sababu hivyo ndivyo vinavyofanya mlango ufungike kwa sauti ndogo kama ya mtu anayefunga kitabu. Basi kila upande ulipewa kopo lake, na makopo yalihitaji kuandikwa. Mikono yao ilikuwa imejaa grisi. Wanyonyi akasema mwandishi si yuko hapa, mama aandike. Akaniambia nafasi kwenye tepu ni ndogo, niandike herufi tu, L ama R.

Nikashika ile kalamu ya wino mnene. Kipyegon alikuwa amejilaza ndani ya gari, kichwa chini ya dashibodi, akifungua na kunipitishia vibati. Kila mara alisema: hivi ni vya kulia, mama. Hivi ni vya kushoto, mama. Alisema waziwazi na nilimsikia waziwazi. Hilo nitaapa hata madhabahuni. Nami nikaandika herufi mbili, zimesimama wima kama askari. Wanyonyi alipoziona alisema hata kiwanda cha Uingereza hakikuwa na mwandiko huu.

Juni ilipofika bodi ilikuwa imepigwa rangi kijani cha arusi, inang'aa. Wakaanza kurudisha milango. Ilikataa. Wa kulia ulijitokeza nje kama sikio. Wa kushoto, ule wa Sellah, ulibana ukakwaruza rangi mpya. Wakatoa, wakarudisha, wakatoa. Siku ya tatu Kipyegon akasema pengine makopo yamebadilishwa, wajaribu ya huku kule. Wewe unajua Wanyonyi anavyonipenda. Alisimama akasema kubadilisha makopo ni kumwita mama yangu mwongo. Akasema tangu azaliwe hajaona mwandiko wa mama ukikosea, kwa hiyo aliyekosea ni aliyekuwa akitoa, siye aliyekuwa akiandika. Kipyegon akanigeukia. Hakunifokea. Alisema tu, mama, wewe ulikuwepo, si uliniskia?

Nilikuwa nimeshika sufuria ya chai. Nikasema mimi niliandika nilichoambiwa.

Maneno hayo matatu tu. Yaliyofuata unayajua, maana alirudi kwako jioni hiyo na sanduku lake la spana. Usiyoyajua ni jinsi jua kali walivyolishika jambo. Festus, yule wa kuchomelea vyuma pale jirani, ndiye aliyeanza. Alimwita Kushoto. Fundi asiyejua kushoto na kulia. Ati ukimpa gari akurudishie, uangalie usije ukapiga honi ukawasha taa. Ikawa wimbo wa mtaa. Kipyegon aliomba kazi gereji tatu, na kote wakamwuliza kwa kicheko kama ndiye yule Kushoto. Ndiyo akaenda kubeba magunia ya mahindi hapo mpakani, mkono ule wa kusalimu bolti.

Wanyonyi alibaki peke yake, na siku zinakwisha. Jumatatu moja ya Julai alifungua lile sanduku akatoa grainda. Nilikuwa hapo. Alitaka kupunguza ukingo wa mlango wa kushoto kidogo tu upate kupita. Bati likapata moto, likavimba, likajikunja. Alizima mashine akasimama akiuangalia ule mlango kama mtu aliyempiga mtoto wake. Baada ya hapo hakuna kibati duniani ambacho kingeusaidia.

Tarehe ishirini na nne Agosti Chura alikuwa gereji chini ya turubai, bila milango. Mzee na Sellah walikuja kanisani kwa Probox ya kukodi. Walipofika, mzee alishuka na fimbo yake, akazunguka mbele ya gari lote akishika boneti ya watu, akafika upande wa kushoto, akamfungulia mkewe. Kanisa zima lilipiga makofi. Mimi nilikuwa mstari wa mbele, na kitenge changu kipya, na mikono yangu haikuinuka.

Wiki mbili baadaye alikuja gereji, akaingia akaketi ndani ya Chura hivyo hivyo alivyo, uchi wa ubavuni. Alimwambia Wanyonyi asijali, bati ni bati. Kisha akauliza yuko wapi yule mwingine, yule mnyamavu. Wanyonyi akamweleza kwamba ndiye aliyechanganya. Mzee akatikisa kichwa polepole. Alisema yule alikuwa akishika kila kibati kama yai la kuku wa kuazima, si yeye. Mtafute mwingine. Nilikuwa nafagia. Niliendelea kufagia mahali pale pale palipokuwa safi.

Mwisho wa Septemba mzee akalala. Tulimzika Kiminini. Watu walipotawanyika nilimwona Sellah amesimama kando ya gari la mwanawe, upande wa kushoto, mikono imekunjwa mbele, anangoja. Hakuwa akilia. Alikuwa anangoja tu, kama alivyongoja miaka hamsini. Mwanawe alikuwa mbali akiaga watu. Basi baada ya kitambo Sellah akatazama huku na huku, akanyoosha mkono, akajifungulia.

Mama Kipyegon, sasa nimefika.

Narudi nyuma mpaka Julai, Ijumaa ya tarehe kumi na mbili, siku tatu kabla ya ile grainda. Nilikuwa nimekuja Bungoma kliniki ya macho. Muuguzi, binti mdogo wa kupendeza, aliniambia nifunike jicho la kushoto nisome kwa la kulia. Nikasoma mpaka mstari wa nne. Akaandika kwenye fomu herufi R. Na mimi, kwa kujua kwangu kwingi, nikamrekebisha. Nikamwambia binti yangu, umekosea, hilo ni jicho la kulia, andika L. Ku-LIA. Akacheka kwa adabu. Akasema hapana mama, hizo ni herufi za Kizungu. L ni lefti, ndiyo kushoto. R ni raiti, ndiyo kulia.

Niliketi kwenye benchi mpaka wakaja kuniuliza kama nimeitiwa gari.

Hivyo ndivyo nilivyoandika makopo. Kipyegon aliposema vya kulia niliandika L, L ya kulia, na R iliyobaki nikaipa kushoto. Sikuwa na shaka hata chembe. Na hata kama ningekuwa nayo nisingeuliza. Ningeulizaje? Mimi wa kula na kura, niulize L na R mbele ya vijana? Ningechekwa mpaka mji wa Kwanza. Heri kukosea kimya kimya, ndivyo moyo wangu ulivyo.

Lakini kukosea si dhambi. Dhambi ni hii. Nilirudi Kitale Jumamosi nikijua. Mlango wa Sellah ulikuwa bado mzima, Agosti bado iko mbele, na mwanao alikuwa umbali wa simu moja. Ilikuwa ni kubadilisha makopo tu, kama alivyosema. Jumapili baada ya ibada nilichinja kuku, nikampika kwa ule mchuzi Wanyonyi anaoupenda, nikajiambia akishika paja la pili nitasema. Akashika paja la pili. Akaniangalia akasema, mama, mwaka huu wewe peke yako ndiye hujaniangusha.

Nikamwongeza mchuzi.

Jumatatu akafungua sanduku. Nilisimama mlangoni nikaisikia grainda ikilia, na kinywa changu kilikuwa na maneno yote, yamepangwa, na sikuyatoa. Petro alikana, lakini Petro alilia siku ile ile. Mimi nilienda kupepeta maharagwe.

Ungeuliza mbona sasa. Nikwambie. Wiki iliyopita nilikuwa stendi ya Kitale na miwani yangu mipya, nikaona lori linashusha mahindi, na kijana mwenye gunia mgongoni. Festus akapita akaita, we Kushoto! Na Kipyegon akageuka. Hilo ndilo lililonimaliza. Aligeuka, Mama Kipyegon, kama mtu aliyeitwa jina la ubatizo. Kisha akaniona mimi. Akatua gunia, akajifuta mikono kwenye suruali, akaja akachukua kikapu changu akanibebea mpaka kwenye gari. Njiani aliniuliza macho yanaendeleaje. Nikasema yanaona. Akasema asante Mungu.

Jumatatu nilimwambia Wanyonyi. Hakupiga kelele, na ningependa angepiga. Aliniuliza nimejua tangu lini. Nikasema Julai. Akauliza, kabla ya mlango ama baada? Nikasema kabla. Akatoka, akaenda nyuma ya gereji panapowekwa vyuma vikuukuu, na nikamsikia. Mwanamume wa miaka thelathini. Sijamsikia hivyo tangu alipokuwa wa chini ya meza.

Siku iliyofuata alinikuta asubuhi, akaweka makopo mbele yangu, akabandua tepu za zamani, akabandika mpya. Akanipa kalamu. Akasema andika, mama, neno zima. Niliandika KULIA, nikaandika KUSHOTO, na herufi zikaegemeana kama walevi. Hiyo ndiyo mara ya kwanza mwandiko wangu kuwa mbaya. Akayaweka makopo kwenye rafu, akasema hayatafunguliwa mpaka arudi aliyetoa vile vibati. Sellah ameomba Chura amalizwe, hata kama mlango wake utabaki na kovu. Wanyonyi amemjibu kwamba peke yake hawezi.

Kutoka hapo nilikwenda mwenyewe kwa Festus, akiwa na wenzake wote wakinywa chai. Nikawaeleza, herufi kwa herufi. Wengine walitazama chini. Nikawaambia kama mnataka mtu wa kuita Kushoto, mwiteni huyu mbele yenu, huyo mwingine ana jina lake alilopewa na mama yake. Nilipofika barabarani mmoja akaita, Mama Kushoto! Wakacheka. Nikageuka nikaitika.

Siombi unisamehe. Nimejaribu kuliandika ombi hilo mara tatu na kila mara linageuka kuwa kujitetea. Nimekuandikia ili ujue mambo mawili. La kwanza, mwanao alisema kweli, na alisema mara moja bila kupayuka, na mwenye kujua alinyamaza. La pili, Wanyonyi anakuja kwako Jumamosi hii. Hana maneno mengi, atasimama tu hapo uani. Alimtendea ndugu yake vibaya, lakini alifanya hivyo kwa kuniamini mimi. Kama kuna mlango wa kufungwa, Mama Kipyegon, nifungie mimi. Yeye mfungulie.

Nisalimie kogo, yule bibi mzee wa pale jirani aliyekuwa akinipa mursik, maziwa yenu ya kibuyu, kama yuko hai. Nisalimie mlima. Mwambie Kipyegon macho yanaona. Vitunguu ukishavianika, usiviweke karibu na ukuta wa kaskazini, huwa unapata unyevu. Nilikwambia mwaka juzi ukakataa, na nilikuwa sahihi. Naona kujisifu hakutaniisha hata leo.

Kaa salama, mwenzangu. Nafasi yako kwenye meza yangu haijapewa mtu.

Ni mimi niliyeandika, kwa mkono wangu,

Phelista Nasimiyu
Mama Kushoto